Taarifa Rasmi Kuhusu Bomba Lisilo Letu

Wizara ya Maji Yaliyotulia inayo furaha kuutangazia umma kwamba ziwa letu halina tatizo lolote, na kwamba Kamati iliyoundwa kutafuta chanzo cha tatizo hilo imekamilisha kazi yake kwa mafanikio makubwa.

Mimi ndiye niliyekuwa katibu wa Kamati hiyo. Nimetakiwa niandike taarifa hii kwa lugha nyepesi, kwa sababu ile ya lugha nzito ilisomwa na watu wawili, na mmoja wao ni mimi mwenyewe niliyeiandika.

Kwanza, ziwa. Ziwa letu ni la kale. Wataalamu wanasema lilikuwepo kabla ya binadamu, jambo ambalo Wizara inalitambua lakini haiwezi kulithibitisha, kwani mafaili yetu yanaanzia mwaka tulipopewa kabati. Kwa mamilioni ya miaka maji yake yalikuwa maangavu. Mtu akiingia mpaka kiunoni aliweza kuhesabu vidole vyake vya miguu. Miaka mitano iliyopita Wizara ilihamia kwenye jengo jipya la ghorofa nane ufukweni, ili iwe karibu na kazi yake. Mwaka uliofuata ziwa likaanza kuwa la kijani. Nayataja mambo hayo mawili pamoja kwa ajili ya mpangilio wa tarehe tu.

Mwanzoni ulikuwa utando mwembamba kando ya matete. Baadaye ukanenepa, ukaanza kunuka, ukaifunika ghuba nzima. Samaki wakaelea matumbo juu. Mbwa wa mlinzi wetu wa getini alikunywa maji yale asubuhi, na adhuhuri akafa. Wizara ilimpa mlinzi pole kwa barua, ikamkumbusha kwamba marehemu hakuwa kwenye orodha ya watumishi.

Hapo ndipo Mheshimiwa Waziri alipounda Kamati ya Kubaini Chanzo cha Ukijani. Ilikuwa na Mwenyekiti, Makamu, mimi, na wajumbe sita wa kuunga mkono hoja. Shahidi wetu wa kwanza alikuwa fundi sanifu wa maabara, mwanamke mwembamba tuliyempachika jina la Hadubini kwa sababu haachi kitu kidogo kipite. Aliingia na chupa mbili za maji ya ziwa, akaziweka mezani bila kibali.

"Tueleze kwa kifupi," alisema Mwenyekiti. "Huu ukijani umetoka wapi?"

"Haukutoka popote, Mwenyekiti. Ni mwani, vijimea vidogo sana. Vimo ziwani tangu enzi na enzi. Ni wenyeji kutuzidi sisi wote humu."

"Kama ni wenyeji, mbona hatukuviona miaka yote hiyo?"

"Vilikuwa na njaa. Maji yalikuwa safi, havikuwa na cha kula. Sasa kuna mtu anavilisha."

"Anavilisha nini?"

"Kinyesi."

Kikao kiliahirishwa kwa dakika kumi na tano ili neno hilo litafutiwe mbadala. Baada ya mashauriano tuliafikiana kutumia "mchango wa baada ya mlo," na kumbukumbu zikarekebishwa. Tuliporudi, Hadubini alikuwa bado amesimama palepale. Alisema vipimo vyake vinaonyesha mchango huo unaingilia sehemu moja, kwenye bomba lililojificha ndani ya matete, hatua thelathini kutoka ukuta wa jengo letu. Akaomba ruhusa ya kulifuata bomba hilo aone linaanzia wapi.

Hapa nalazimika kueleza jambo la kisheria. Wizara yetu inashughulikia maji yaliyotulia. Maji yoyote yanayotembea, yawe ya mto, ya mfereji au ya bomba, yako chini ya Wizara ya Maji Yanayotiririka, iliyo ng'ambo ya barabara, ambayo hatujasalimiana nayo tangu ule ubishi wa mvua ni ya nani kabla haijagusa ardhi. Bomba linatiririka. Kwa hiyo si letu. Nilimweleza Hadubini hivyo kwa upole kabisa.

"Lakini linamwaga kwenye ziwa letu," alisema.

"Likishamwaga ni letu. Likiwa linamwaga ni lao."

Alinitazama kama mtu anayesoma saa iliyosimama. Kesho yake alihamishiwa stoo kuhesabu viti, kazi inayohitaji sana watu makini.

Kisheria, basi, chanzo kilipaswa kuwa kitu kinachosimama mahali pamoja. Tukainuka tukaangalia dirishani. Kule chini ufukweni, ndani ya maji mpaka magotini, walikuwa wamesimama akina mama wa kufua.

Walikuwa kumi na wawili. Tangu mashine za kufulia za hospitali ziharibike, miaka thelathini sasa, mashuka yote ya wagonjwa yanafuliwa na wanawake hao. Wanatumia sabuni. Sabuni ina povu. Povu linaonekana kwenye picha. Kamati ilipitisha kwa kauli moja kwamba chanzo kimepatikana na waondolewe ufukweni ndani ya mwezi huo.

Nilikuwa wa mwisho kuinua mkono, kwa sababu kiongozi wa akina mama hao ni mama mkwe wangu.

Habari zilinitangulia nyumbani. Mke wangu alinipokea mlangoni bila kunipokea mkoba.

"Ni kweli mnamfukuza mama?"

"Hatumfukuzi mama. Tunaliondoa kundi la watumiaji wasio rasmi."

"Na mama yumo?"

"Yumo kwa wadhifa wake."

"Sawa. Leo na wewe upike kwa wadhifa wako."

Nilipika. Siku iliyofuata, nikiwa bado na ladha ya chakula kile mdomoni, niliteremka ufukweni kumweleza mama mkwe mwenyewe, maana mambo mengine hayafai kupelekwa na tarishi. Nilimkuta ameinamia beseni, anakoroga bluu ya kufulia, ule unga unaotiwa kwenye maji ya mwisho ili shuka jeupe ling'ae.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Chutama hapo, ila usinikanyagie shuka la watu."

Nilichutama na suti yangu. Nikamweleza kuhusu Kamati, kuhusu sabuni, kuhusu hatua zinazofuata. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kukoroga. Kisha akaninyooshea mikono. Ngozi ya vidole ilikuwa imebabuka, imekuwa nyekundu mpaka kwenye vifundo.

"Sabuni yetu tunaimwaga kule juu mchangani, toka enzi za mama yangu," alisema. "Sasa hivi nikilisuuza shuka ziwani linatoka limechafuka kuliko lilivyoingia. Wagonjwa wanajifunika hilo. Haya, wewe uliyesoma, niambie. Mimi ndiye ninayeyachafua maji, au maji ndiyo yanayonichafulia?"

"Swali zuri, mama. Nitaliwasilisha."

"Usiwasilishe. Jibu."

Niliona aibu, nasema kweli, mpaka masikio yakapata moto. Mashuka hayo ndiyo yaliyomsomesha mke wangu, na mengine tulilalia mwaka tulipooana. Lakini aibu haina fomu, na katika Wizara yetu jambo lisilo na fomu huhesabiwa kuwa halijatokea.

"Mkituondoa hapa tunakwenda wapi?" aliuliza. "Hospitali haitatungoja. Watatafuta wengine, na sisi hatuna kazi nyingine tunayoijua."

"Hilo liko nje ya mamlaka ya Kamati, mama."

Akakung'uta mikono, akaliangalia jengo letu kutoka chini mpaka juu, dirisha kwa dirisha.

"Lina vyoo vingapi lile?"

"Thelathini na viwili," nilisema, na sikuficha fahari yangu. "Vya kisasa."

"Na vinakwenda wapi?"

"Chini, mama."

"Chini," alirudia, akarudi kwenye beseni lake.

Baadaye niliambiwa kwamba jioni ileile Hadubini alipita nyumbani kwa mama mkwe kumsalimia. Sikulitilia maanani. Wanawake hutembeleana.

Sasa zikabaki taratibu. Mwaka uliotangulia tulijaribu kuwaondoa wang'arisha viatu waliokaa getini, na mahakama ikatwambia kwamba huwezi kumwondoa kisheria mtu ambaye kisheria hayupo. Tulijifunza. Safari hii niliamua kwamba akina mama wote kumi na wawili wasajiliwe kwanza kuwa Watumiaji Rasmi wa Ufukwe, wapewe vitambulisho, kisha ndipo waondolewe kwa heshima zote.

Nikaandaa pia amri ya kusomwa na Mheshimiwa. Ilikuwa na vifungu viwili. Cha kwanza kilisema chanzo cha ukijani, kitakapobainika mbele ya umma, kifungwe papo hapo bila kujali cheo wala ukubwa wa mhusika. Maneno hayo ya mwisho niliyaweka kwa ajili ya makofi. Cha pili kilisema chanzo hicho, kikishafungwa, kisifunguliwe na mtu yeyote bila ridhaa ya maandishi ya watumiaji rasmi wa ufukwe. Hicho tunakiita kifungu cha wadau. Nakiweka katika kila hati. Nimewahi kukiweka hata kwenye tangazo la maegesho. Katika miaka yangu yote ya utumishi hajawahi kutokea mdau.

Siku ya hafla akina mama walikuja kusajiliwa saa moja asubuhi, wamevaa nguo zao za kutokea. Usajili wetu una hatua nane, moja kwa kila ghorofa: jina ghorofa ya kwanza, picha ya pili, kidole ya tatu, na kuendelea hadi mhuri juu kabisa. Walipanda ngazi bila kulalamika. Kitu kimoja tu kilinishangaza. Kila ghorofa waliyofika, mmoja wao aliomba kwenda msalani, na kila aliyekwenda alishika kifuko kidogo kiganjani. Niliandika kwenye ripoti: "Wahusika walionyesha dalili za hofu."

Saa nne tulikuwa wote ufukweni. Kulikuwa na hema, kipaza sauti, wapiga picha wa televisheni wakirusha moja kwa moja, na viti mia mbili vilivyoletwa na kuhesabiwa na Hadubini. Mheshimiwa alisimama kwenye ukingo wa maji, amevaa buti nyeupe za mpira. Pembeni yake fundi ujenzi alikuwa na mikokoteni mitatu ya zege bichi, tayari kusimamisha nguzo za uzio mahali pa kufulia. Akina mama waliketi safu ya mbele na vitambulisho vyao vipya shingoni.

Mheshimiwa akaanza kusoma amri. Alisoma vizuri. Alipofika kwenye "bila kujali cheo wala ukubwa wa mhusika," makofi yakalia kama nilivyopanga, na katikati ya makofi mwanamke mmoja akapiga kelele.

"Oneni kule! Bluu!"

Watu wote wakageuka. Kwenye matete, mdomo wa bomba pana kama sufuria la shughuli ulikuwa unatapika maji ya bluu, bluu iliyokolea kabisa, yakiingia kwenye ule ukijani na kutandaa mpaka karibu na buti za Mheshimiwa. Pamoja na bluu vilikuja vitu vingine ambavyo wapiga picha walivisogelea na mimi sitaviorodhesha.

Hadubini aliweka chini kiti alichokuwa amekibeba. "Mheshimiwa," alisema kwa sauti ya kawaida tu, "chanzo hicho hapo. Kimebainika mbele ya umma."

Mheshimiwa aliniinamia sikioni. "Bomba la nani lile?"

Nilikuwa na jibu tayari. Naweza kusema hilo lilikuwa jibu langu la haraka kuliko yote maishani.

"Linatiririka, Mheshimiwa."

Uso wake ukachanua. "Ahaa! Kumbe ni wale wa ng'ambo ya barabara!" Akakinyakua kipaza sauti. "Wananchi! Kwa miaka mitano wenzetu fulani wamekuwa wakijisaidia ndani ya ziwa lenu huku wakivaa tai! Leo wamekamatwa!"

Umati ulilipuka kwa vifijo. Fundi ujenzi akasogea, akafuta jasho. "Mheshimiwa, samahani. Zege linaganda hili. Nimwage wapi?"

"Mwaga pale! Lote!"

"Lote?"

"Kijana, usibaki hata mwanya wa kupitisha sindano!"

Fundi alisokomeza mawe na magunia ndani ya bomba, akamimina mkokoteni wa kwanza, wa pili na wa tatu, akasawazisha kwa mwiko. Kabla zege halijashika, Mheshimiwa aliinama akaandika jina lake kamili na tarehe juu yake kwa kidole. Jioni Rais alimpigia simu kumpongeza, na asubuhi magazeti yote yalimwita Mfunga Bomba. Hapo ufukweni nilimtupia jicho mama mkwe. Alikuwa anapiga makofi polepole, kwa adabu, akitazama mbele.

Siku ya pili masinki ya ghorofa ya kwanza yalianza kukoroma. Siku ya tatu maji ya bluu yakapanda kwenye vyoo vya chini, yakavuka vizingiti, yakaingia ukumbi wa mapokezi. Tulitafuta michoro ya jengo. Michoro ipo, imo kwenye kabati ambalo ufunguo wake ni wa mzee mmoja aliyestaafu na kuhamia kwa binti yake. Ghorofa za juu hazikuwa na shida yoyote, na Mheshimiwa, aliye ghorofa ya nane, aliendelea na kazi kama kawaida. Ila kila alipovuta maji, Idara ya Uhusiano wa Umma huku chini ilipandisha viti juu ya meza.

Siku ya nne aliteremka mwenyewe. Alisimama kwenye ngazi ya mwisho, akayaangalia maji yaliyokuwa yamefika kwenye droo za mapokezi.

"Katibu," aliniita. "Si ulisema lile bomba si letu?"

"Lilikuwa halitiririki kwetu, Mheshimiwa. Lilikuwa linatiririka tu."

"Na haya?"

Nilifikiri kwa makini, kwa sababu swali lilikuwa la kisheria.

"Haya yametulia, Mheshimiwa. Sasa ni yetu."

Sitayaandika maneno yaliyofuata. Aliagiza zege livunjwe saa hiyohiyo. Fundi ujenzi aliitwa, akaja na nyundo yake, akaja pia na gazeti lililochapisha amri nzima.

"Bosi, mimi sina neno," alisema. "Ila hapa imeandikwa asifungue mtu yeyote bila ridhaa ya watumiaji rasmi. Na jina lako liko pale juu ya zege. Niletee hiyo karatasi, nagonga sasa hivi."

Mheshimiwa akanigeukia. "Hao watumiaji rasmi ni akina nani?"

Nilimtajia. Kumi na wawili, na mihuri yao yote.

Wakati huo tarishi aliingia, amekunja suruali magotini, na barua kutoka Wizara ya Maji Yanayotiririka. Ilikuwa barua yao ya kwanza kwetu baada ya miaka mingi. Walitupongeza kwa moyo wa dhati.

Basi tukashuka ufukweni kwa miguu, Mheshimiwa, mimi, na wakurugenzi wanne waliokuwa wanatembea kwa hatua fupi za watu waliojizuia tangu asubuhi. Akina mama walikuwa kazini. Karibu na mawe yao ya kufulia utando ulikuwa umeanza kuachana vipandevipande, na Hadubini, aliyekuwa ameomba likizo ya stoo, alikuwa anachota maji kwenye chupa zake.

"Mama," nilianza, "Mheshimiwa ana ombi."

"Asubiri. Tunamalizia mashuka ya wodi ya wazazi." Akaligeuza beseni tupu kwa mguu. "Akae hapo."

Waziri wa Maji Yaliyotulia aliketi juu ya beseni. Walimaliza wodi ya wazazi, wakaingia wodi ya watoto, kisha ya upasuaji. Nilichukua kumbukumbu, kwa mazoea, na nakiri kwamba niliandika kama ilivyokuwa: kikao kiliongozwa na watumiaji rasmi wa ufukwe, Mheshimiwa alihudhuria kama mwalikwa. Mwishowe mama mkwe akajifuta mikono, akasimama mbele yake. Aliongea bila hasira.

"Hatuondoki hapa. Hilo la kwanza, na utaliandika. La pili, chimbeni mabwawa yenu kule nyuma, mbali na ziwa, maji yenu yakae humo mpaka huyu binti wa chupa aseme yamekuwa safi. Siku atakayosema, sisi tutasaini."

"Mama yangu," alisema Mheshimiwa, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akiongea bila kipaza sauti, "kazi hiyo ni ya mwaka mzima! Nina watumishi mia tatu ndani ya jengo lile. Mwaka mzima wajisaidie wapi?"

Mama mkwe alichukua ncha moja ya shuka, mwenzake akashika nyingine, wakalikamua.

"Undeni kamati," alisema.

Imeundwa jana. Mimi ndiye katibu wake. Kikao cha kwanza kilidumu dakika ishirini, kisha kikaahirishwa kwa sababu zilizo nje ya uwezo wa wajumbe.